Ikielea Daima: Vielezi vya Sheria na Bahari huko Kipevu

Ajaye Kipevu, Mombasa, maji yakiwa yamekupwa, akasimama ukingoni penye mikoko, huona hali mbili za chombo kwa mara moja: mashua iliyopwelewa, imelalia ubavu topeni mwa hori, na ng'ambo yake meli ya mafuta iliyofungwa gatini, imetulia majini kana kwamba bahari haikupungua hata shubiri. Tofauti ya hali hizo mbili, katika mikataba ya Kiingereza ya kukodi meli, imebebwa na kielezi kimoja.

Mikataba hiyo humtaka nahodha aipeleke meli kwenye bandari iliyotajwa, au karibu nayo kadiri itakavyoweza kufika kwa salama, na huko ikae ikielea daima. Asiyezoea hati hizi hudhani "daima" ni pambo la mwandishi. Kumbe ndiyo roho ya ibara, kwani meli ya chuma iliyojaa shehena ikikalia mwamba huweza kupinda mbavu, na hapa Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwa bandari zenye tope laini wanasheria wakatunga ibara ya pili, kwamba si lazima chombo kielee daima, bali kikikaa chini kikae kwa salama. Kielezi kimoja kimekanushwa, kingine kimeingia, na dhamana imehama mikononi.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya ibara hiyo, maana jahazi hupwelezwa kwa makusudi ili kalafati azibe nyufa kwa pamba na kupaka deheni. Vielezi vyao vilikuwa vya upepo na mahali: chombo hupinduliwa kwa goshi (kuukabili upepo) au kwa damalini (kuupa upepo mgongo), na baharia huambiwa "enda tezi" (nyuma) au "enda omo" (mbele), bila kihusishi chochote, kama Kiingereza cha baharini nacho kisemavyo. Lakini Waingereza wenyewe walikuwa na kioja chao: hadi mwisho wa 1932, amri ya "kulia" melini mwao ilihusu mkono wa usukani wa kale, na omo ikageukia kushoto! Sheria iliigeuza amri hiyo tarehe 1 Januari 1933, gati za kwanza za maji marefu za Kilindini, hapa Mombasa, zikiwa zimekwisha kujengwa.

Nchi kavu nako vielezi vilileta taabu yake. Kipevu imo katika ukanda wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, uliowekwa chini ya utawala wa Waingereza kwa mkataba wa 14 Desemba 1895. Na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilipowataka wenye mashamba ya pwani wathibitishe milki zao, hati za kikadhi zenye "mazkuri" (iliyotajwa) zilikutana na Kiingereza cha "herein" (humu) na "hereby" (kwa hati hii). Maneno hayo ya Kiingereza ni vielezi vya mahali vilivyohamishwa kutoka ardhini kwenda karatasini: "humu" ya mwanasheria ni waraka wake, ilhali mwenye minazi akisikia "humu" hutazama shamba.

Nawasihi wafasiri wa hati za bandari na za ardhi waandike "katika hati hii" badala ya "humu" tupu, na "daima" wasiliache nje kwa kutaka ufupi.