Boriti hugotwa, haigongwi

MIAKA michache iliyopita, nililala katika nyumba ya mawe mjini Lamu ambayo mwenyewe alikuwa ameshauriwa aibomoe dari yote. Vumbi la mbao lilikuwa likidondoka kitandani. "Zimebunguliwa zote," aliniambia kwa huzuni.

Asubuhi alikuja fundi mzee. Hakuja na shoka. Alipanda ngazi, akaanza kuzigota boriti kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, sikio kalitega. Nilipomuuliza mbona hagongi, alicheka: "Mwalimu, kugonga ni kuumiza. Kugota ni kuuliza."

Darasani nimekuwa nikifundisha kwamba maneno haya mawili ni visawe. Siku hiyo nilisahihishwa.

Boriti ni miti ya mikoko. Wakataji huipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Kwa karne nyingi majahazi yaliipeleka Uarabuni na Ghuba, hadi Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Urefu wake ndio uliotawala ujenzi: vyumba vya kale vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, takriban mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya hapo huku imebeba dari nzito ya mawe na chokaa.

Fundi alinieleza kwamba katikati ya boriti si pa kuhofia sana. Ugonjwa huanzia kichwani, pale mti unapoingia ukutani. Chokaa na mawe ya matumbawe hufyonza maji, hewa haipiti, mti unaoza kimyakimya. Kwa hiyo hugota kuanzia katikati akielekea ukutani. Mti mzima hulia sauti kavu. Uliooza hutoa sauti nzito, bubu. Akitilia shaka, huchoma kidogo kwa msharasi.

Wataalamu wa leo hufanya yayo hayo kwa mitambo. Kipo kipimo cha unyevu. Ukizidi asilimia 20, kuvu hupata makao. Kipo pia keke chenye sindano nyembamba, ncha yake kama milimita 3, kinachochora ukinzani wa mti kadiri kinavyopenya. Penye uozo, mchoro huanguka. Tundu lenyewe hulioni kwa urahisi.

Basi nyumba ile ikawaje? Kati ya boriti zote za chumba kile, 4 tu ndizo zilizooza vichwa. Zilibadilishwa, dari ikabaki.

Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini orodha hiyo hailindi msamiati. Sisi walimu tukiendelea kusema kugota ni kugonga tu, tutakuwa tumempoka fundi chombo chake cha kwanza. Nami nimeshairekebisha notisi yangu ya visawe.