Mtoto Anayekoroma Kila Usiku: Zijue Nyama za Pua na Upasuaji Wake

Mtoto akikoroma, wengi husema amelala fofofo. Kama ni siku chache za mafua, hakuna neno. Lakini mtoto mdogo anayekoroma karibu kila usiku, huku pumzi ikikatika na kurudi kwa kishindo, hapumziki. Mara nyingi chanzo ni nyama za pua.

Nyama za pua ni nini?

Ni vinyama laini vilivyo nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa. Kila mtoto huzaliwa navyo, na husaidia mwili kupambana na vijidudu. Huwezi kuviona hata mtoto akifungua mdomo. Huwa vikubwa zaidi kati ya miaka 2 na 7, kisha husinyaa kadiri mtoto anavyokua. Mafua ya mara kwa mara na mzio huvifanya vivimbe, na moshi wa kuni huongeza tatizo. Mafindofindo, yaani tonsesi, nayo yakiwa makubwa, njia ya hewa huzidi kuwa nyembamba.

Mtoto akiwa macho, misuli ya koo huiweka njia wazi. Akilala, misuli hulegea na njia hujiziba. Pumzi husimama kwa sekunde kadhaa, ubongo humshtua, huvuta hewa kwa nguvu, kisha hulala tena. Hali hii hujirudia usiku kucha bila mwenyewe kujua.

Dalili za kuangalia

- Kukoroma usiku mwingi wa wiki, hata bila mafua.
- Pumzi kusimama, kisha kushtuka kama aliyekabwa.
- Kulala mdomo wazi na kutoka jasho jingi.
- Kuanza tena kukojoa kitandani.
- Kusinzia mchana, au utundu uliopitiliza na kushindwa kutulia darasani.
- Kutosikia vizuri, au kutoongezeka uzito.

Hali kali isipotibiwa hudhoofisha ukuaji na masomo, na inaweza kuathiri moyo. Mtoto akipumua kwa shida hata akiwa macho, au midomo ikibadilika kuwa ya bluu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Je, akatwe kimeo?

Hapana. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Si nyama za pua. Kukikata hakufungui njia iliyoziba nyuma ya pua, na kuna watoto waliopoteza maisha kwa kuvuja damu na maambukizi baada ya kukatwa mtaani.

Uanzie wapi?

Anza na simu yako. Mtoto akiwa amelala, mrekodi video ya dakika moja au mbili, kifua kikionekana na sauti ikisikika. Daktari atamwona mchana akiwa mzima anacheza. Video itamwonyesha ya usiku.

Nenda zahanati au kituo cha afya, ukaombe rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara. Ikibidi, mtoto ataelekezwa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, kwa mfano Muhimbili jijini Dar es Salaam au Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Si kila mtoto hupasuliwa. Wenye hali nyepesi huweza kupewa dawa ya kupuliza puani na kufuatiliwa.

Uliza gharama na bima mapema. Ukikwama, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Upasuaji ukoje?

Si jambo geni. Daktari wa Denmark, Wilhelm Meyer, alieleza ugonjwa huu na namna ya kuziondoa nyama hizo mwaka 1868. Leo mtoto hupewa dawa ya usingizi, na daktari huzitoa kwa kupitia mdomoni. Hakuna kovu usoni. Mara nyingi tonsesi hutolewa hapo hapo. Watoto wengi hupata nafuu kubwa.

Kabla ya upasuaji, fuata saa ulizoambiwa za kutokula na kutokunywa. Usifiche kama mtoto ana selimundu, pumu, kikohozi, au huvuja damu kwa urahisi.

Baadaye, maumivu ya koo na harufu ya mdomo kwa siku kadhaa ni kawaida. Mpe maji mara kwa mara na dawa alizoandikiwa tu, usimpe aspirini. Akitoka damu mbichi mdomoni au puani, akipata homa kali au akishindwa kunywa, mrudishe mara moja, usingoje kupambazuke. Tonsesi zikitolewa, damu inaweza kutoka hata baada ya wiki moja. Hivyo ninyi wa Mlimba, Malinyi na vijiji vya mbali, mwulizeni daktari mkae karibu na hospitali kwa siku ngapi kabla ya kusafiri, hasa wakati wa masika.

Leo usiku mtoto wako akilala, kaa karibu naye dakika chache, umsikilize anavyopumua.