Upokezano wa Kitume: Kutafuta Jina la Mkono Uliopokea

Msomaji akikuta katika kitabu cha dini kwamba maaskofu ni "waandamizi wa Mitume", anaweza kuelewa jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Katika Kiswahili cha ofisini leo, mwandamizi ni mtu wa cheo cha juu: kuna afisa mwandamizi, kuna mhadhiri mwandamizi. Kwa masikio hayo, askofu anageuka kuwa mkubwa wa Mitume, ilhali mwandishi alitaka kusema kwamba askofu huja nyuma yao, akiandama nyayo zao. Msomaji hana kosa. Neno limehama, na vitabu vyetu vimebaki pale pale.

Jambo lenyewe ni fundisho kwamba mamlaka ya kufundisha, kuongoza na kutakatifuza, ambayo Yesu aliwapa Mitume wake, imewafikia maaskofu wa leo bila kukatika, kwa kuwekewa mikono. Wagiriki waliliita diadoche, Walatini wakasema successio. Kwa Kiswahili tumesikia urithi wa kitume, mfuatano wa kitume na uandamizi wa kitume. Sehemu ya pili ya istilahi hizi haina taabu. Apostolos wa Kigiriki ni mtu aliyetumwa, na mtume wetu ametokana na kutuma, kwa hiyo maana imekaa sawasawa. Taabu iko katika sehemu ya kwanza.

Tuanze na urithi. Mirathi hugawanywa mwenye mali akishafariki, na mrithi akishapata shamba, ni lake: atalilima, ataliuza au atawaachia wanawe. Askofu hana uwezo huo. Hawezi kuusia uaskofu kwa mtoto wa nduguye, wala kukiongeza au kukipunguza alichokabidhiwa. Tena Timotheo aliwekewa mikono Paulo akiwa hai. Mfuatano nao hupanga tu. Siku hufuatana, tarakimu hufuatana, lakini Jumatatu haiikabidhi Jumanne kitu chochote.

Khalifa ni neno lenye uzito zaidi. Idhaa ya Kiswahili ya Vatikano humwita Papa "Khalifa wa Mtume Petro", na wanaoshangaa neno la historia ya Uislamu kutumika hivyo wanapaswa kulitazama vizuri. Asili yake ya Kiarabu ni kuja nyuma ya mwingine na kushika mahali pake. Abubakar alipokuwa khalifa mwaka 632, alishika uongozi wa umma, lakini hakuwa mtume. Fundisho la Kikristo lina mpaka unaofanana na huo. Mitume walikuwa mashahidi waliomwona Bwana mfufuka, na ushahidi huo hauna mtu wa kuushika baada yao. Askofu anashika kazi ya kuulinda. Kwa kumtaja mtu, basi, khalifa linafaa. Kwa kulitaja tendo, ukhalifa linatupeleka kwenye dola na tawala, mbali na mikono iliyowekwa juu ya kichwa.

Ili tupate jina la tendo, turudi kwa mtu aliyelitetea kuliko wengi. Karibu na mwaka 180, Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika dhidi ya Wagnostiki waliodai kuwa na mafundisho ya siri yaliyotoka kwa Mitume. Ireneo alijibu kwa hoja nyepesi kufuatika. Kama Mitume wangekuwa na siri, wangewaambia kwanza wale waliowakabidhi makanisa, na watu hao wanajulikana kwa majina. Akaorodhesha maaskofu wa Roma kuanzia Lino hadi Eleuteri, wa kumi na mbili, aliyekuwa hai wakati ule. Akakumbuka pia kwamba ujanani alimwona Polikarpo wa Smirna, aliyefundishwa na walioonana na Bwana. Orodha ile ilikuwa njia ya kumpa Mkristo wa kawaida uwezo wa kuuliza: fundisho hili umelipokea kwa nani, naye alilipokea kwa nani?

Kupokea ndiko kuliko ndani ya diadoche. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kupokea, na Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo tangu zamani. Mafundi hupokezana karai la zege kutoka chini hadi ghorofani. Wanariadha hukimbia mbio za kupokezana vijiti. Anayepokea katika mstari huo hamiliki kitu. Ana dhamana ya kukifikisha mbele kikiwa kizima, na kabla yake yupo mtu, na baada yake yupo mtu. Ndiyo maana ninapendekeza upokezano wa kitume. Faida yake nyingine ni kwamba tayari tunayaita mafundisho yaliyoachwa na Mitume Mapokeo. Ireneo aliviona vitu hivi viwili kama pacha, imani iliyopokewa na watu walioipokea. Kiswahili kinavipa shina moja, jambo ambalo hata Kigiriki chake hakikufanya.

Neno likiwa sahihi, historia yenyewe husomeka vizuri. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya nne, uliagiza askofu awekwe na maaskofu wote wa jimbo, na ikishindikana, wasipungue watatu. Upokezano huwa na mashahidi: hakuna anayejiwekea mikono.

Nchini Kenya, swali hili liliwahi kuzua mtikisiko. Juni 1913, wamisionari wa makanisa mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta ushirikiano. Mwishoni, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya ushirika mtakatifu, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwatuhumu kwa uzushi. Kwake, kanisa lisilo na maaskofu wa mstari wa Mitume lilipungukiwa na jambo la msingi. Wenzake waliona kwamba Injili iliyopokewa kwa uaminifu inatosha kuwaita ndugu mezani. Wote walikuwa wakiulizana ni nini hasa kinachopokezanwa.

Uganda iliuliza kwa namna nyingine. Reuben Mukasa Spartas, aliyelelewa katika Uanglikana, alitaka Kanisa la kale lisiloongozwa na wakoloni, na mwaka 1929 akatangaza kuanzishwa kwa Kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika. Mwaka 1932 alipewa upadri na Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, ambaye naye aliwekwa askofu na George Alexander McGuire wa Marekani. Mikono ilikuwepo. Baadaye Spartas alitambua kwamba Waorthodoksi wa kale hawakuutambua mstari ule, akaigeukia Patriarkia ya Aleksandria, inayojihesabu kuwa kiti cha Marko. Mwaka 1946 akapokewa pamoja na watu wake. Hakuridhika kuwa na jina katika orodha. Alitaka kupokewa na Kanisa linaloshika kile kilichopokewa.

Safari hiyo inaonyesha kwa nini mkono peke yake hautoshi, hata kwa wanaouthamini sana. Waluteri katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 walisema umoja wa Kanisa unahitaji kukubaliana juu ya Injili na sakramenti tu. Wakatoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, walifundisha kwamba maaskofu wameshika mahali pa Mitume kwa agizo la Mungu. Hati ya Lima ya mwaka 1982, iliyoandaliwa na wanateolojia wa makanisa mengi, ilijaribu kuwaleta karibu: Kanisa zima ndilo linalodumu katika Mapokeo ya kitume, na mstari wa maaskofu ni ishara ya kudumu huko, ingawa si dhamana yake. Upokezano unawachukua wote bila kumhukumu yeyote kabla ya mjadala. Mkatoliki na Mworthodoksi wataiona mikono ndani yake, Mluteri ataliona fundisho, na kila mmoja atalazimika kumjibu mwenzake.

Kwa wanaotafsiri vitabu vya teolojia na kuandaa katekisimu, ombi langu ni hili. Waacheni makhalifa wa Mitume wabaki kwa kuwataja watu. Uandamizi waachieni maofisa. Tendo lenyewe liandikeni upokezano wa kitume, na mnapowafundisha wakatekumeni, wakumbusheni kwamba aliyepokea anadaiwa kukabidhi kile kile alichopokea.