Msongo wa Mawazo Si Wazimu: Tulikotoka, Kitale na Bungoma

Leo tunazungumza juu ya mzigo usioonekana kichwani kama mtungi wa maji, lakini shingo inauma vilevile. Mzigo huo ni msongo wa mawazo.

Je, umewahi kuamka saa tisa usiku ukaanza kuhesabu? Karo ya shule. Mbolea. Deni la dukani. Mtoto anayekohoa. Kunakucha, unafika kazini umechoka kabla hujaanza. Jirani akikuuliza, unajibu, "Ni mawazo tu." Halafu unanyamaza. Kwa nini tunanyamaza? Sababu moja iko katika historia yetu, na ndiyo tutakayoitazama leo.

Kwanza tulielewe neno lenyewe. Msongo unatokana na kusonga, yaani kubana au kukaza. Wewe unayesonga ugali unajua: unga ukikaza, mkono huchoka. Mwaka 1936, mtafiti Hans Selye aliyekuwa Montreal, nchini Canada, alieleza jambo lililowashangaza wengi. Panya waliopatwa na taabu mbalimbali, kama vile baridi kali, jeraha au kazi ya kupita kiasi, waliumia kwa namna moja, hata wakapata vidonda tumboni. Kwa hivyo msongo si uvivu wala si kujidekeza. Ni jambo la mwili. Ndiyo maana mawazo yakizidi kichwa huuma, moyo huenda mbio, usingizi hupotea, nawe unamfokea mtoto ambaye hajakosa.

Lakini watu wa huku hawakumngoja Selye ili waujue msongo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalikuwa mikononi mwa walowezi Wazungu, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mahindi yao. Wafanyakazi wengi walitoka upande wa Bungoma. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mtu anayeishi kwenye shamba la mlowezi afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwanamume alitakiwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Na baba alipokwenda huko peke yake, ni nani aliyebaki kulima nyumbani, kuuguza watoto na kuwatunza wazee? Ni mama. Mzigo wako wa leo una umri mrefu.

Sasa sikiliza kisa cha mtu wa Kimilili, Elijah Masinde. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, kisha akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa na kuwapinga wakoloni waziwazi. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi, akakaa huko hadi mwaka 1947. Hatuwezi kumpima mtu leo kwa yaliyotokea wakati huo, lakini wengi wameona kwamba ilikuwa njia ya kumnyamazisha. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Basi tangu mwanzo ilikuwa mahali pa kutenga watu. Watu walipoona mtu mwenye malalamiko akipelekwa huko, walijifunza nini? Walijifunza kwamba ukisema yanayokusonga, utaitwa mwenda wazimu.

Hofu hiyo bado tunayo. Hadi leo utasikia mtu akitaniwa, "Huyu ni wa Mathari." Mama akisikia hivyo, atathubutu kusema kwamba halali usiku? Na misukosuko haijaisha. Wako waliofukuzwa makwao katika mapigano ya Mlima Elgon yaliyoanza mwaka 2006, na wengine katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2009 kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa, na familia nyingi zikakosa mshahara. Msongo wa namna hii hautokani na udhaifu wako. Unatokana na mambo mazito yaliyokupata.

Hata hivyo, historia yetu ina upande wa pili, nao ni wa faraja. Wabukusu wana desturi ya khuswala kumuse. Mzee wa heshima akifariki, siku chache baada ya mazishi watu hukusanyika, na msemaji husimama kati yao akasimulia habari za ukoo, akafariji na kuonya. Huzuni haikuachiwa mjane peke yake. Iliwekwa uwanjani, ikabebwa na wengi.

Utafiti wa siku hizi umeonyesha kwamba njia ya kubebeana inasaidia. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka nchini Uganda, watu wenye sonona, yaani huzuni kali isiyoisha, walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali watu wa huko huko waliofunzwa kwa wiki 2. Walipoanza, watu 86 kati ya 100 walikuwa na dalili za ugonjwa huo. Walipomaliza, hawakufika 7 kati ya 100. Wale ambao hawakuwa na vikundi, zaidi ya nusu yao walikuwa bado wanaumwa.

Na hapa hapa Bungoma, pamoja na Moshi nchini Tanzania, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Washauri wa kawaida waliofunzwa walikutana na watoto katika vikundi, na walezi wao pia walikuwa na vikao vyao. Mpango huo uliitwa Pamoja Tunaweza. Kwa watoto wa Bungoma, nafuu ilikuwa bado inaonekana mwaka mmoja baadaye.

Basi mama, ufanye nini?

Kwanza, sema. Chagua mtu mmoja unayemwamini, umwambie yanayokusonga. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Pili, tumia chama chako. Kabla ya kuhesabu pesa, kila mmoja aulizwe, "Wiki hii umelalaje?" Na yanayosemwa hapo yabaki hapo.

Tatu, gawanya mzigo. Andika au hesabu kwa vidole yanayokusumbua. Chagua moja unaloweza kulitatua wiki hii, anza nalo.

Nne, upumzishe mwili. Kabla ya kuingia nyumbani kutoka kazini, simama mlangoni, vuta pumzi polepole mara tano. Watoto wasipokee hasira za shambani au ofisini.

Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi huli, hulali, huna hamu ya lolote, au baada ya kujifungua huvutiwi na mtoto wako, nenda kituo cha afya, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako. Na ukipata mawazo ya kujiua, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu sasa hivi, akusindikize hospitalini. Zamani wengi waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji kutibiwa.

Kumbuka, mama: kusema unaumia si wazimu. Ni mwanzo wa kupona.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Katika kijiji chetu, mtu mwenye mawazo mengi huitwaje? Jina hilo linamsaidia au linamfunga mdomo?
2. Nyanya zetu walifarijiana kwa njia gani, na ni ipi tunayoweza kuirudisha?
3. Ni nani kati yetu hajaonekana wiki hii, na nani atakwenda kumwona?

Hadi tutakapokutana tena, jitunze, ili upate nguvu za kuwatunza wengine.