TULIVYOACHA KUSEMA "NI MAMBO YA NDANI"

Ndugu wanachama, tulipoanza, mwenzetu akija kwenye hisa na jicho limevimba tulisema: ni mambo ya ndani. Kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, ilishakataza kumpiga mwenzi. Pole pole tukajifunza njia. Polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, unachukua fomu ya PF3. Daktari anaandika majeraha, nao ni ushahidi. Daktari mwema humwuliza mama peke yake, mume akiwa nje. Akiumizwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa serikali za mitaa. Leo, Bukoba na Muleba, mfuko wa jamii unatoa nauli, nasi tunamsindikiza mwenzetu. Tusinyamaze!