Harufu ya Ndizi Kwenye Bia ya Mjerumani

Ukiingia baa yoyote ya Arusha, iwe Kaloleni, Sakina au Ngarenaro, ukishataja jina la bia yako mhudumu anabakiwa na swali moja tu: ya moto au ya baridi? Ukijibu, mambo yamekwisha. Chupa inafunguliwa, bilauri inajaa, watu wanarudi kwenye mpira na siasa. Mshikaji anaweza kunywa chapa moja kwa miaka kumi, lakini ukimwuliza ina ladha gani atakushangaa. Atakwambia ni bia. Au atakwambia ile nyingine ni maji.

Nataka kuuliza hali hii ilitoka wapi, kwa sababu wazee wetu wa mlimani hawakunywa hivyo.

Chukua mbege, pombe ya Wachaga ambayo sisi wa upande wa Meru nasi tunaifahamu vizuri. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi, halafu huachwa siku kadhaa zichachuke. Pembeni, ulezi umelowekwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wake hupikwa uji, ukapoa, ukachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Hutiwa pia gamba la mti uitwao msesewe, lenye uchungu. Kesho yake pombe inanyweka. Ikikaa siku chache imekuwa siki.

Mzee akipewa kibuyu hanywi kwa pupa. Anatazama povu, anatazama ulezi unavyoelea, anaonja kidogo. Kisha anatoa hukumu: ndizi hazikuiva, au msesewe umezidi, au kimea kiliharakishwa. Mama aliyepika anasikiliza, kwa maana pombe ile ni ya mahari, au ya kupatanisha ndugu waliogombania shamba, na pombe mbaya inaweza kuaibisha ukoo mzima. Huyo ni jaji kamili, ndugu msomaji, ila hana cheti.

Sasa twende Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kwa kuwa aina ya bia tunayoinywa kwenye chupa ina asili huko. Safari, Kilimanjaro, Serengeti, zote ni laga. Jina hilo limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuhifadhi. Bia ya namna hii huchachushwa na hamira inayofanya kazi kwenye baridi, ikazama chini ya pipa, halafu bia hulazwa majuma mengi penye ubaridi hadi itulie.

Watawala wa Bavaria walitunga sheria mwaka 1516 kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hopsi ni ua la mmea unaotambaa, na kazi yake ni ileile ya msesewe: kuleta uchungu. Mwaka 1553 ikaja sheria nyingine. Kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba ilikuwa marufuku kupika bia, maana joto la kiangazi liliiharibu. Basi wapishi wakawa wanapika bia nzito kidogo mwezi Machi na kuiweka kwenye mapango na maghala ya chini ya ardhi. Iliitwa Märzen, yaani ya Machi. Vuli ilipofika, mapipa yaliyobaki yalipaswa kumalizwa ili yatumike upya. Sababu nzuri kabisa ya sherehe.

Sherehe yenyewe ilianza kwa harusi. Tarehe 12 Oktoba 1810 mwana wa mfalme wa Bavaria, Ludwig, alimwoa Therese mjini München, na siku chache baadaye pakawa na mashindano ya farasi kwa ajili ya watu wote. Wakapenda, wakarudia mwaka uliofuata, na hadi leo wanarudia. Bia ya Machi, nyekundu kama shaba, ilipata umaarufu wake pale mwaka 1872. Siku hizi mahemani wanauza bia ya dhahabu, nyepesi zaidi mdomoni lakini yenye kilevi cha asilimia 6 hivi, na ni viwanda sita tu vya mjini München vinavyoruhusiwa kuiuza.

Kwa hiyo wao walikuwa na kimea chao, uchungu wao, na harusi yao. Sisi vivyo hivyo. Ungedhani watu wa namna hii wakikutana wataonjeshana.

Hawakuonjeshana. Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Mlima Meru. Jeshi la Wajerumani likiongozwa na Kapteni Johannes likaja kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wengi wakafa. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi 19 walinyongwa Moshi, miongoni mwao Mangi Meli wa Old Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa miaka hiyohiyo kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha. Wajerumani walikuwa na kiwanda chao cha bia Dar es Salaam, cha Schultz, lakini mwenyeji wa mlimani hakuwa mteja aliyefikiriwa.

Waingereza walipokuja waliiweka habari hiyo katika sheria. Mwafrika alikatazwa bia ya chupa. Yeye alitengewa pombe ya kienyeji, na mijini ainywe kwenye vilabu vyenye leseni. Kampuni ya Tanganyika Breweries ilianzishwa mwaka 1933, ikapika bia katika nchi ambayo wenyeji wake hawakuruhusiwa kuinunua! Katazo la bia liliondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili, na pombe kali zikasubiri hadi katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki. Dunia ilimsikiliza. Nyumbani, sheria ilikuwa bado haimwamini Mwafrika na chupa ya wiski.

Hapo ndipo naona ulimi wetu ulipofungwa. Kitu ulichonyimwa kwa rangi yako, siku ukikipata hukionji. Unakishika juu watu waone. Chupa ikawa cheo, na kibuyu kikawa ushamba, hata kama kilichomo kibuyuni kilipikwa kwa akili zaidi.

Yaliyofuata yalizidi kutuzoesha kutouliza. Siku chache baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, viwanda vya bia vilikuwa miongoni mwa makampuni ambayo serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa zake. Ikaja dhiki ya miaka ya 1980, bia ikawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Nani angethubutu kuikosoa bia aliyoipata kwa mbinde? Mwaka 1993 Makaburu wa South African Breweries wakaingia ubia na serikali, bia ikajaa tena. Mwaka 2002 wao na wenzao wa Kenya wakagawana soko: kiwanda cha Kibo pale Moshi kikafungwa, na cha Castle kule Thika kikafungwa. Hakuna mnywaji aliyeulizwa ni ladha ipi ibaki.

Nasema haya kwa sababu kuhukumu laga ya sherehe si uchawi, na mtoto wa Meru anazo silaha. Imimine kwenye bilauri safi, isiwe ya barafu, maana baridi kali inaua harufu. Itazame kwenye mwanga: ya Märzen iwe kati ya dhahabu iliyoiva na shaba, tena ang'avu. Inuse. Itoe harufu ya ganda la mkate uliotoka kwenye tanuri. Ukipata harufu ya siagi, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Ukipata ya mahindi ya kuchemsha, huenda kimea hakikuchemshwa sawasawa. Ukinywa, utamu wa kimea utangulie, uchungu uje nyuma kwa adabu, na mwisho mdomo ubaki mkavu, ukitaka funda jingine.

Na ukinusa ndizi? Kwa kawaida ni kosa. Hamira ya laga ikifanya kazi kwenye joto kuliko inavyopaswa, hutoa harufu ya ndizi mbivu, na jaji atakata alama. Mimi jambo hili lilinichekesha sana nilipolisoma mara ya kwanza. Harufu ya nyumbani kwetu ni kasoro! Lakini Bavaria hiyohiyo wana bia ya ngano ambayo harufu ya ndizi ni sifa yake, na isipokuwepo ndipo wanalalamika. Kwa hiyo ndizi haina hatia. Jaji anatakiwa ajue kwanza kilichomo kwenye bilauri kilikusudiwa kuwa nini. Mzee wa kibuyu analijua hilo tangu zamani, hawezi kuilaumu mbege kwa kutokuwa dengelua.

Binamu yangu anayetembeza wageni alipewa na mgeni chupa mbili za Märzen. Tulizipeleka Tengeru kwa babu mmoja wa ukoo wetu, anayesifika kwa kuonja. Tukamwamkia, tukammiminia. Alizungusha bilauri kama anayetafuta ulezi, akanusa, akaonja mara tatu bila kusema. Kisha akasema kimea ni kizuri, kilikaushwa na mtu mwenye subira, ila uchungu ni mdogo, yeye angeongeza msesewe. Akauliza ililala siku ngapi. Tukamwambia majuma, pengine miezi. Hakuamini. Akauliza hao watu wanapopata harusi ya ghafla wanafanyaje.