Amri Inayotoka Kichwani mwa Kambale

Mvua kubwa zinapoanza Busisi na vijito vinavyoshuka kutoka Sengerema vikafurika, kambale huacha maji ya Ghuba ya Mwanza, katika Ziwa Victoria, na kupanda. Hupenya matete na mafunjo, huingia kwenye mabonde yaliyokuwa makavu wiki iliyopita, wakati mwingine hadi kwenye majaruba ya mpunga. Usiku madume na majike hukutana kwenye maji machache, mayai hunata kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko, kisha wazazi hurudi ziwani kabla maji hayajapungua. Wavuvi wa kandokando ya ziwa wamelijua jambo hili tangu enzi za mababu, na ndiyo maana mitego huwekwa midomoni mwa vijito katika majira hayo na si mengine.

Mchukue kambale huyohuyo, mfungie bwawani, mlishe hadi anone. Hatataga. Mayai yatakua tumboni mpaka yaive kabisa, halafu yatakaa yakisubiri kitu kisichokuja, na mwishowe mwili wake utayafyonza. Wafugaji wa samaki wa Afrika walihangaika na kambale wa namna hii kwa miaka mingi: mnono, mwenye afya, tumbo limejaa mayai, na hana kifaranga hata kimoja. Mvua inamwambia nini samaki huyu, na inamwambia kwa njia gani? Jibu lilitafutwa katika mabara manne, na lilipopatikana lilikuwa ndani ya kichwa chake.

Chini ya ubongo wa kila mnyama mwenye uti wa mgongo, binadamu akiwamo, kuna sehemu ndogo iitwayo hipothalamasi. Kazi yake ni kupokea habari za mwili na za dunia: joto, mwanga, njaa, hofu, na kwa kambale, kupanda kwa maji. Chini yake kabisa imening'inia tezi ya pituitari, ambayo kwa kambale haifiki punje ya mtama. Hipothalamasi hutoa kemikali kwa vipimo vidogo mno, pituitari huitikia kwa kumwaga homoni zake kwenye damu, na homoni hizo huenda kuziamuru tezi nyingine: tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, ovari na korodani. Homoni za tezi hizo zikitosha, nazo hurudi kupitia damu hadi ubongoni na kuiambia hipothalamasi ipunguze amri. Hivyo mwili hujipima wenyewe usiku na mchana bila mwenye mwili kujua.

Katika Afrika Mashariki, uchunguzi wa kisayansi wa samaki wa ziwa ulipata makao yake Jinja, mahali Nile inapoanzia safari yake. Mwaka 1947 taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyohudumia Uganda, Kenya na Tanganyika ilianzishwa hapo. Mmoja wa watafiti wake, P. H. Greenwood, alichapisha mwaka 1955 katika jarida la Nature taarifa fupi kuhusu uzazi wa kambale, ambaye wakati huo vitabu vilimwita Clarias mossambicus. Leo anaitwa Clarias gariepinus. Taarifa kama hiyo iliingiza kwenye maandishi ya kisayansi jambo ambalo mvuvi wa Busisi angeweza kulisimulia bila kufungua daftari. Ninasema hivi kwa heshima ya wote wawili. Mvuvi alijua lini na wapi, na sayansi ilikuwa inatafuta kinachotendeka mwilini.

Wakati huo, mbali na ziwa letu, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mwaka 1930 daktari wa Argentina, Bernardo Houssay, aliwachoma samaki wadogo wanaozaa watoto hai dawa iliyotengenezwa kwa tezi za pituitari za samaki wengine, nao wakazaa kabla ya siku zao. Mwaka 1934 Rodolpho von Ihering na wenzake waliipeleka njia hiyo kaskazini mashariki mwa Brazil, nchi ya ukame, ambako serikali ilitaka kujaza samaki kwenye mabwawa. Houssay alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi nyingine juu ya tezi hiyohiyo. Kisha ikaja zamu ya India. Samaki wakubwa wa mito ya huko, kama kambale wetu, hutaga wakati wa mafuriko ya masika na hugoma kutaga bwawani. Tarehe 10 Julai 1957, huko Angul katika jimbo la Odisha, Hiralal Chaudhuri alifaulu kuwafanya watage kwa sindano ya pituitari. India huadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kuwa siku ya wafugaji wa samaki.

Fikiria maana yake. Watu hawa walikuwa wanabadilisha mvua kwa tezi. Hawakuleta mafuriko bwawani. Walichukua tezi ambayo ingeamshwa na mafuriko, wakaisaga, wakaipeleka moja kwa moja kwenye mwili wa samaki mwingine.

Kilichobaki kuelezwa ni nani anayeiamuru pituitari yenyewe. Kwa muda mrefu wengi waliitaja kuwa mkuu wa tezi zote, isiyopokea amri kutoka popote. Geoffrey Harris wa Uingereza hakukubali. Alionyesha kwamba kwa wanyama wanyonyeshao, mishipa midogo sana ya damu hutoka hipothalamasi na kushuka hadi kwenye pituitari, na mwaka 1952, akiwa na Dora Jacobsohn, alithibitisha kwa panya kwamba pituitari iliyohamishiwa chini ya hipothalamasi hufanya kazi, na ikipandikizwa mbali na hapo hulegea. Kwa hiyo kulikuwa na kemikali inayoshuka kwa mishipa hiyo. Kuipata kemikali yenyewe kulizua mashindano makali kati ya wanasayansi wawili waliokuwa Marekani, Roger Guillemin na Andrew Schally. Kemikali hizo ni chache mno kiasi kwamba maabara zao zilikusanya ubongo wa kondoo na nguruwe kutoka machinjioni kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1971 muundo wa homoni inayoamuru uzazi ukajulikana, na mwaka 1977 wote wawili wakagawana Nobel na Rosalyn Yalow, aliyebuni njia ya kupima homoni hata zikiwa chache kiasi hicho kwenye damu.

Samaki nao walikuwa na somo lao. Kwao mishipa ile ya damu haipo kama ilivyo kwetu. Neva za hipothalamasi huingia moja kwa moja ndani ya pituitari. Tena kuna amri mbili zinazopingana. Homoni ya uzazi husukuma, na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini huzuia. Richard Peter wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, aliligundua hilo kwa samaki wa dhahabu, na watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliomfanya kambale wa Afrika kuwa mnyama wao wa maabara, wakaliona pia kwake. Hapo fumbo la bwawani likafumbuka: kambale aliyefungiwa hakosi mayai wala hakosi pituitari. Anakosa msukumo wa kushinda kizuizi. Kutokana na ugunduzi huo, Lin Haoran wa Guangzhou na Peter walitengeneza njia ya kuchanganya homoni ya kusukuma na dawa inayoondoa kizuizi cha dopamini, na sindano za aina hiyo sasa huuzwa tayari kwenye chupa.

Kwa ziwa letu mambo haya yaligusa maisha kwa njia ambayo hakuna mtu wa Buenos Aires wala Utrecht angeibashiri. Sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 alienea kupita kiasi miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Wavuvi wanaomvua kwa ndoano nyingi zilizofungwa kwenye kamba ndefu wanahitaji chambo, na kambale mdogo ni chambo kizuri kwa sababu hubaki hai muda mrefu kwenye ndoano. Mahitaji yakawa makubwa, kambale wadogo wakachukuliwa kwenye mabwawa na mikondo bila kikomo. Ndipo kutotolesha vifaranga kukawa biashara na pia ahueni kwa samaki wa porini. Mwaka 1996 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwongozo wa Gertjan de Graaf na Hans Janssen juu ya kumzalisha kambale kusini mwa Sahara. Maelekezo yake ni ya mtu mwenye kisu, kinu kidogo na sindano. Unachinja kambale, unageuza kichwa juu chini, unafungua kaakaa, na kwenye upande wa chini wa ubongo unaiona tezi, nyeupe yenye wekundu kidogo. Unaisaga, unaichanganya na maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, unamchoma jike kwenye msuli wa mgongo. Kisha unasubiri kwa saa zinazotegemea joto la maji: kwa nyuzi 25 ni kama saa 11, kwa nyuzi 30 ni kama saa 7. Ukimchoma jike saa 2 usiku kwenye maji ya nyuzi 25, saa 1 asubuhi unamkamua tumbo na mayai yanatiririka.

Binadamu hayuko nje ya simulizi hii. Homoni inayopatikana kwenye mkojo wa wajawazito imewahi kuchomwa kwa kambale na ikamtagisha. Vidonge vya uzazi wa mpango huinyamazisha hipothalamasi ya mwanamke ili yai lisitoke, kinyume kabisa na sindano ya kambale. Mama anayenyonyesha mfululizo huchelewa kurudi kwenye siku zake kwa sababu kunyonya kwa mtoto hufika ubongoni na kuizuia amri hiyohiyo.

Leo wasafiri wengi huvuka Busisi kwa Daraja la Magufuli, lililofunguliwa Juni 19, 2025, kwa dakika chache mahali walipokuwa wakisubiri kivuko. Ng'ambo ya ghuba, Nyegezi, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), inayofundisha ufugaji wa samaki. Tatizo moja la kambale bado linasumbua: dume hatoi mbegu kwa kukamuliwa, hivyo huchinjwa ili korodani zitolewe. Mfugaji mwangalifu hakitupi kichwa cha dume huyo. Huitoa pituitari, huihifadhi kwenye asetoni, na kumwekea jike wa zamu ijayo.